Taa za Yoti Gatini Albertville

Jumatatu, 3 Juni 1963

Sikai chini. Nimezunguka gatini mpaka polisi wa bandari ameniuliza nimepoteza nini. Akili! Jana, mbele ya kanisa, nilimwalika Mama Immaculée aje Jumamosi na binti yake Léontine, wanywe kitu baridi kwenye yoti, ile mashua ya starehe ninayoilinda. Taa kila chumba, nikasema. Frigo ya kupoza vinywaji. Feni. Ukweli: tangu daktari mzungu mwenye yoti akimbilie Usumbura, betri zimekufa, na ndani ya frigo wanaishi mende. Lakini Pascal, muuza vitenge, alikuwa pale akijisifia gramafoni yake mbele ya Léontine. Ningenyamaza?

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kwa Papa Damien, fundi umeme wa bandari, mtu anayevaa tai hata akipanda nguzo. Akanihutubia kama askofu. Kwanza unazima umeme kwenye sanduku la swichi la gati. Halafu unachomeka waya upande wa yoti, halafu upande wa gati, na mwisho kabisa ndipo unawasha. Waya uwe mnene, wa mpira, usiguse maji, tena uwe na nafasi yoti ikipanda na kushuka. Ndani yake nyuzi tatu. Ule wa tatu unapeleka ardhini umeme uliopotea njia; asiyetaka kuzika watu asiukate. Akasema nisiguse kitu, atakuja mwenyewe Jumamosi asubuhi.

Nikashukuru. Njiani nikakumbuka: Damien ni mjomba wa Pascal! Ataziwasha taa yeye, kisha mji wote utasema ni taa za akina Pascal. Haiwezekani.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata waya! Kipande kimoja cha pasi ya dada yangu Alphonsine (hajui), kingine cha kengele ya mlango wa biro, ofisi iliyofungwa. Viungo nimevizungushia mpira wa baiskeli. Uzi wa tatu sikuweka. Pasi ina nyuzi mbili na inanyoosha mashati vizuri tu. Wa tatu ni wa kula bure. Nikawasha kwanza kwenye sanduku, nione kama umeme upo.

Upo.

Moto wa buluu! Nyusi yangu ya kushoto imekwenda. Kreni ya bandari ikasimama, magunia ya pamba yananing'inia angani, wapagazi wanapiga kelele. Nami nikapiga kelele nao, nikiuliza ni mjinga gani huyu. Papa Damien akaja kutengeneza, akaitazama nyusi yangu sana. Nikamwambia ni mambo ya jiko la makaa. Nikamwambia pia wageni hawaji tena, asijisumbue.

Ijumaa, 7 Juni

Inawaka! Taa zote! Frigo inanguruma kama mbwa aliyenyang'anywa mfupa, mende wamehama. Nimewasha, nimezima, nimewasha. Waya una joto kidogo, kama mkate. Upepo wa ziwa ukisukuma yoti, waya unazama, basi nimeutundika kwenye fimbo ya kuvulia. Na nikivua viatu, chuma cha yoti kinanichoma vidole. Baridi ya ziwa, bila shaka. Siwezi kula. Kesho ije!

Jumamosi, 8 Juni



Walikuja. Mama Immaculée na kitenge kipya, Léontine, na nyuma yao, bila kualikwa, Pascal. Mawimbi yalikuwa yamelowesha gati. Mama akavua viatu asichafue yoti. Mguu mmoja ukiwa bado kwenye saruji yenye maji, akashika chuma cha pembeni.

Akanyamaza. Sijawahi kumwona mama yule akinyamaza. Vidole havikuachia. Macho yakanitazama.

Nikakimbia kumvuta. Sauti ikapasuka nyuma yangu: "Musimuguse! Mutakufa wote!" Papa Damien, aliyeziona taa akiwa kazini, alikuwa anakuja mbio, tai begani. Akarukia sanduku, akazima. Mama akamwangukia Pascal, Pascal akaangukia ziwani. Sikucheka. Hilo liandikwe.

Mama alikaa kwenye saruji, anapumua kwa shida, kiganja kimeungua. Léontine alimpakata. Hakulia. Aliuliza tu:

"Papa Célestin, Papa Damien alikuelekeza namna ya kufanya?"

Nikasema alinielekeza.

"Na weye ukafanya ingine. Basi ulitaka kuua mama yangu sababu ya kushindana na Pascal."

Pascal, akichuruzika maji, ndiye aliyembeba Mama mpaka hospitali.

Jumapili, 9 Juni

Mama atapona, wamesema. Nimelia kanisani, kwa sauti; watu wakadhani nimefiwa. Papa Damien ameukatakata waya wangu mbele yangu, kisha akanikalisha nirudie masharti yake yote kama mtoto wa katekisimu. Nimerudia bila kosa. Nimeapa. Mimi na umeme, basi! Nimekuwa muntu mupya.

Jumatatu, 10 Juni

Nimempelekea Mama Immaculée kuku na kumwomba msamaha. Akampokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una bandeji. Akasema Mungu ameshanisamehe, yeye bado anafikiri. Léontine alinipa kiti. Kiti! Nikakaa, nikatazama huku na huku, sikuweza kutulia. Nyumba ile haina umeme. Jioni wanawasha koroboi, moshi mtupu, na Mama mgonjwa! Wakati nguzo ya umeme imesimama pale pale nyuma ya jiko, na ngazi ya jirani imeegemea ukuta. Keshokutwa wote wawili wanakwenda hospitali kubadilisha bandeji. Warudi wakute nyumba inameremeta!

Papa Damien hana haja ya kujua. Masharti yake ni ya yoti. Hii ni nguzo.