Mizizi ya Vaidya Dhote

Siku ya gulio Bhaskar Dhote aliyaona magoti kabla ya nyuso, na soko lile la Nagpur lilijaa magoti: wapagazi, wauza machungwa, wazee wenye tamaa ya kupona kwa rupia ishirini. Alijiita Vaidya, mganga wa mizizi ya Himalaya, milima ambayo hakuwahi kuiona hata kwenye kalenda. Dawa yake ilikuwa vidonge vya duka la dawa, vile vya kutuliza maumivu na uvimbe kwa pamoja, alivyovisaga na manjano nyumbani kwake.

"Lamba leo, kimbia kesho!" alinadi. "Mizizi mitupu! Haina masharti wala madhara! Umeshiba, una njaa, wewe lamba tu!"

Wajinga ndio waliwao. Mikono ikanyooshwa kupokea vikaratasi vya unga.

Ndipo akaja bibi Sulochana, aliyegawa dawa hospitalini miaka thelathini. Mumewe alikuwa amelamba unga ule wiki nzima, juu ya vidonge vya daktari, tena akiwa amefunga. Juzi alitapika damu, akalazwa. Na huko wodini, mzee huyo kichwa ngumu alikutwa ameficha kikaratasi kimoja cha unga ule chini ya mto.

Dhote hakuyajua hayo. Aliona kizee ameshika vikaratasi sita alivyovijua kuwa ni vya dawa yake, akatabasamu. Bibi akavifungua, akammiminia unga wote wa manjano kiganjani.

"Lamba, mwanangu. Mume wangu mwoga, akisikia umelamba atapata moyo."

"Wote huu? Bibi, sijala tangu asubuhi."

"Mizizi haidai chakula. Si umesema mwenyewe?"

"Jino linaniuma, nimeshameza vidonge viwili vya maumivu."

"Mizizi na vidonge vina ugomvi gani?"

"Na jana nilipiga maji kidogo…"

"Kidogo!" Watu wakaangua kicheko. "Lamba, Vaidya! Acha maringo!"

"Nina vidonda vya tumbo, jamani!"

Mpagazi mmoja mwenye shingo nene akamkamata ukosi, akakisukuma kile kiganja hadi mdomoni. Mganga akageuza uso, akapaza sauti.

"Mnataka kuniua? Hivi ni vidonge vya dukani! Unakula kwanza ndipo umeze! Huchanganyi na vingine vya maumivu wala pombe! Mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu havigusi mpaka amuulize daktari! Na huzidishi dozi, mtu atakufa!"

Ulikuwa ukweli wake wa kwanza tangu aanze kunadi, na ulimtoka kwa sauti ileile.

Bibi akachovya kidole katika ule unga, akalamba.

"Dengu," alisema. "Nimezikaanga na kuzisaga mwenyewe, nikatia manjano na sukari. Unga wako nimeumwaga chooni."

Dhote alitazama kiganja chake, mdomo wazi kama kapu. Mpagazi hakumwachia.

"Mlete huyo," bibi alisema. "Twende wodini akamwambie mume wangu, neno kwa neno. Mimi nimemwambia mpaka koo limekauka. Ananijibu Vaidya anajua zaidi."