Taa ya Upepo Iliyonipokonya Gari

Puli, tarehe 10 Desemba

Kwa Binti yangu Mkubwa Su-ying,
Mshika Funguo za Gari la Familia,
Taichung.

YAH: USHAHIDI WA UONGO WA TAA YA TAIRI, NA OMBI LA KURUDISHIWA FUNGUO

Mheshimiwa Binti,

Natumaini u mzima na baridi haijakufika mifupani. Sisi wazee wako tunaendelea. Nakuandikia kwa utaratibu wa kiofisi kwa sababu kwenye simu unanikatiza kabla sijafika hoja ya pili.

Wiki mbili zilizopita ulichukua funguo za gari langu kwa kosa moja tu: tangu nifungiwe tairi mpya, taa ya njano inawaka kwenye dashibodi ikidai gurudumu la mbele kushoto halina upepo. Ulisema, "Baba, una miaka sabini na sita, taa inawaka wiki tatu na wewe unaendesha tu! Lete hizo funguo." Nilizitoa kwa sababu wajukuu walikuwa wanatazama. Sasa, kwa heshima zote, naleta malalamiko yangu.

1. Taa ni mwongo. Kila asubuhi nililijaza upepo gurudumu la mbele kushoto mpaka likawa gumu kama jiwe, na taa ikaendelea kulisingizia. Yale mengine matatu sikuyapima. Hayakushtakiwa, na mimi si mtu wa kumsumbua asiyeshtakiwa.

2. Usiniletee habari za Fundi Kuang. Ni kweli siku ile ya kufunga tairi mpya aliyahamisha magurudumu, la mbele kushoto likaenda nyuma kulia, la nyuma kulia likaja mbele. Ni kweli pia alisema, "Mjomba Chiu, ningoje dakika ishirini nivisajili upya vile vihisi vya upepo humo ndani, gari lijue kipi kiko wapi." Lakini kalenda ya saa za bahati ilionyesha kwamba saa njema ya kutoa gari inakwisha saa tano kamili, na ilikuwa imebaki dakika tatu. Nani mwenye akili timamu atazitoa tairi mpya barabarani saa mbaya kwa ajili ya kusajili vidude? Niliondoka. Alinikimbilia mpaka barabarani akipunga mikono, nami nikampungia.

3. Mume wako. Nilikuwa nimeweka juu ya dashibodi pakiti ya kijani ya bisi za nazi ili mashine itulie, kama wafanyavyo watu wote huku kwetu, maana mashine yenye pakiti hiyo hutii. Mume wako, ambaye huko kiwandani kwao kila mtambo una pakiti yake, na yeye ndiye mkaguzi wa tarehe zake za kuisha, aliifungua akaila yote. Eti alidhani ni yangu. Na taa ilikuwa imeshaanza kulegea!

4. Serikali iko upande wangu. Nilifanya mtihani wa akili wa madereva wazee, nikazikumbuka picha zote, hata ile ya sungura ambayo wenzangu iliwatoa jasho. Mungu wa ardhi naye yuko upande wangu: nilirusha vipande vya mbao hekaluni kumwuliza kama tairi zangu ni nzima, akaitikia ndiyo mara tatu mfululizo. (Mara mbili za kwanza alizokataa, nilikuwa nimeuliza vibaya.) Basi huku serikali na mungu, kule kitaa cha ukubwa wa kucha, na binti yangu niliyemsomesha mwenyewe anakwenda na kitaa.

5. Mama yako. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anakwenda kusafishwa damu, na kwa miaka minne nimempeleka mimi. Sasa umemwitia teksi. Dereva anajua kumfungulia mlango, anamwita shangazi, na mama yako anarudi hoi lakini anasema, "Leo tumecheka!" Mimi nabaki kibarazani na viatu vyangu. Inaniuma, Su-ying. Nilibakiwa na kazi moja, umempa mtu mwingine.

Kwa hiyo naomba: funguo zirudi kabla mwaka haujakwisha, taa izibwe kwa plasta nyeusi, na sheria ibadilishwe ili kila taa ya gari, kabla ya kumshtaki mzee, ifanye mtihani wa akili kama tulivyofanya sisi.

Wasalimie wajukuu wote, na majirani wa ghorofa ya tatu, hata mume wako. Mama yako anakuletea tambi za mchele, usizigandishe.

Wako, mtiifu kwa muda,
Baba yako, Chiu Teng-fa

Tanbihi: Barua hii niliifunga jana. Leo Ijumaa nilichukua ufunguo wa akiba, ambao hukuujua, nimpeleke mama yako mimi mwenyewe halafu nipitie posta. Kwenye kona ya mteremko gari lilivuta upande, likakwaruza ukingo, likasimama. Gurudumu la nyuma kulia lilikuwa limekalia ringi, na msumari ndani. Kihisi chake kimekuwa kikilia muda wote huu. Gari lilidhani bado kinakaa mbele kushoto. Fundi Kuang alikuja, akaliziba, akavisajili vihisi vyote. Taa imezimika. Gari ni zima, na kwa hoja zangu zote hapo juu nastahili funguo leo hii.

Mama yako alikuwa kiti cha mbele, amekumbatia blanketi lake la hospitali. Alisema tu, "Mzee, mikono yako inatetemeka."

Ufunguo wa akiba umo ndani ya bahasha. Mwambie yule dereva, Jumatatu tutakuwa wawili.