Mdundo Usio na Mwenyewe

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimepigwa na butwaa.

Haji Mitwali aliwakusanya ndugu zake wote dukani waione video ya kutangaza duka lake jipya la kushari, wali wetu wa dengu na vitunguu. Mkewe, mama mkwe wangu mtarajiwa, kiti cha mbele, na binti yao, Nashwa wangu, kando yake. Video ni kazi yangu. Ikawashwa kwenye televisheni kubwa. Kimya. Haji anafungua mdomo na kuufunga kama samaki, vitunguu vinakaangika, dengu zinamwagwa juu ya wali, sauti hamna hata chembe. Mtandao umeizima yote, eti wimbo nilioweka una wenyewe na sikuwaomba kibali.

Jamani, nani husikiliza wimbo uliolala chini ya vitunguu?

Binamu yangu Hatem, ambaye naye hutengeneza video, akasema taratibu mbele ya watu kwamba kibali cha muziki hununuliwa kama dengu zinavyonunuliwa. Ana tabia ya kusema taratibu. Sijui anatafuta nini pale kila siku. Hata kitunguu hali.

Haji akaniita pembeni. Akasema, "Bahgat mwanangu, duka nafungua Jumanne. Mtaa mzima ukiizungumzia hiyo video, Alhamisi tunasoma Fatiha ya posa na Nashwa ni wako. Ukiniaibisha tena, mlango ule pale." Nashwa alikuwa anatazama sakafu. Kwa haya, nadhani.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimepekua tovuti zinazouza vibali vya muziki. Mshtuko juu ya mshtuko. Kuna bei ya mwaka mmoja, bei ya matangazo, bei ya televisheni, bei ya milele. Na kinachouzwa ni filimbi tu! Nikazima simu nikarudi kitandani kwa hasira.

Ndipo Mungu akanifungulia. Usta Dasuki, muuza gesi, alikuwa anapita chini na baiskeli yake iliyosheheni mitungi, akigonga mmoja kwa spana. Tan-tan, taka-tan, taka-taka-tan. Miaka yote hii hapa mtaani Imbaba nimemlaani mtu huyu kwa kuniamsha, kumbe ananipigia ngoma. Haina mwimbaji, haina mtunzi, haina kampuni. Nikatoka roshani nikarekodi. Mama akauliza mbona narekodi gesi. Nikamwambia ni sanaa. Akasema sanaa isubiri, nimshushie Usta pesa kwa kikapu, mtungi wa jikoni uko taabani.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeuchezea mdundo kwenye kompyuta, nikauongezea uzito kidogo. Moto! Nimeulaza chini ya video na umekaa kama pilipili juu ya kushari.

Kisha nikawaza: kwa nini wengine wasinunue kibali kwangu? Nikaupeleka kwenye soko la muziki la mtandaoni. Wakauliza kama mimi ndiye mmiliki. Nikabofya Ndiyo. Mtu akikuuliza kwa upole namna ile, huwezi kumjibu Hapana. Wakaahidi kuilinda mali yangu kokote itakakoibiwa. Nimefarijika sana. Siku hizi wezi ni wengi.

Jumanne, 7 Oktoba

Siku ya ufunguzi. Tuliweka spika mlangoni, sauti hadi mwisho, video inajirudia yenyewe. Haukupita muda, wanawake wakaanza kumiminika kutoka kila kichochoro. Nikamnong'oneza Haji aone mwenyewe. Akaona. Mimi nikaona baada yake.

Kila mmoja alikuwa na mtungi mtupu wa gesi. Wengine wameubeba, wengine wanauviringisha kwa mguu. Mama Sabri aliupandisha wake juu ya kaunta, katikati ya mabakuli, akauliza gesi iko wapi. Haji akamwambia hapa ni kushari. Akajibu, "Na hiyo kushari yako wewe umeipikia nini, mbavu zako?"

Kila muuza gesi ana mdundo wake, na wanawake wa mtaa wetu wanaujua wa Dasuki kuliko wanavyozijua sauti za waume zao. Nimelijua hilo tangu utotoni. Sikulifikiria tu.

Nilimkumbusha Haji kwamba, kwa vyovyote vile, mtaa mzima unaizungumzia video. Alikuwa anafuta kaunta.

Jumatano, 8 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Usta Dasuki alikuja dukani, spana mkononi. Amezunguka mtaa asubuhi nzima akigonga, hakuna dirisha lililofunguka. Waliodanganywa jana leo hawatoki. Mama Sabri alimfokea kutoka ndani kwamba amechoka na kushari yake. Mitungi yote imerudi imejaa. Akauliza nani aliyechukua mdundo wake.

Nikasema huo ni muziki wa bure wa mtandaoni, imetokea kufanana tu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu haikufika hata mlangoni. Televisheni ikanyamaza. Haji akavaa miwani, akasoma ujumbe kwa sauti: video hii imezimwa sauti kwa kuwa muziki wake ni mali ya Bahgat Shalabi. Ukitaka kuutumia, muombe yeye kibali.

Wote wakanigeukia. Sikuamini. Watu wale wanalinda kweli! Nikamwambia Haji asihofu, kibali nitampa, tena kwa bei ya mkwe. Nadhani hapo ndipo nilipoharibu.

Dasuki hakupiga kelele. Alisema mdundo ule aliachiwa na marehemu baba yake, na kama ningemuomba, angenipa kwa sahani moja ya kushari. Hilo lilinichoma hasa. Sahani moja! Na kwa Haji nakula bure.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nilivaa suti. Nilichukua sinia la keki tamu za basbusa. Hasira za mzee hupoa, nikajiambia.

Hatem alikuwa amekaa kiti cha pembeni ya Haji, nywele zinang'aa mafuta. Usta Dasuki naye yupo. Jana Hatem alimfuata kumuomba radhi na kibali, akampiga video akigonga mtungi mwenyewe, jina la Usta limeandikwa kwenye video, na mdundo wake utapigwa dukani pale tu anapopita na gesi. Leo Mama Sabri amenunua gesi na kushari kwa pamoja.

Kisha wakainua viganja kusoma Fatiha. Ya Hatem na Nashwa. Nami nikainua vyangu, sinia magotini, mikono ilijiinua yenyewe. Nashwa alinitazama mara moja, akatabasamu kwa huruma, akatazama pembeni. Moyo umeniuma, sitaki kudanganya. Nilikuwa nimeshachagua majina ya watoto.

Hapo mama yake akapiga vigelegele. Virefu, vya juu, bila kukwaruza, bila honi ya gari hata moja nyuma yake. Sijapata kusikia kitu kama kile. Havina mtunzi. Havina kampuni. Na simu ilikuwa mfukoni, nikaitoa nikarekodi.

Nimeshavipeleka sokoni. Wameniuliza kwa upole kama mimi ndiye mmiliki. Ndiyo. Hatem ataitengeneza mwenyewe video ya harusi yake, na hataacha kuweka vigelegele vya mama mkwe wake. Sauti itazimwa. Atakuja hapa kuniomba kibali, taratibu, kama kawaida yake.