Pikipiki kwa Punje

Enock Maige aliingia Kahama akitokea Geita, ambako wanunuzi watatu wa dhahabu walikuwa wakimtafuta kwa upendo mkubwa. Alikuwa na pikipiki nyekundu na kadi yake halali, jambo lililomshangaza hata yeye mwenyewe. Akanywa chai karibu na mashine ya kukoboa mpunga ya Mzee Ngassa, akamwona mzee akipima mchele huku kidole gumba kimelalia mzani. Enock alimpenda papo hapo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unauza hiyo pikipiki?"

"Nauza, ila pesa sitaki, zinaniponyoka. Nipe mchele. Leo punje moja."

"Gunia moja?"

"Punje, mzee. Kesho kumi. Keshokutwa mia. Kila siku unazidisha ya jana mara kumi. Siku kumi, basi."

Ngassa akatazama ghala lake, lenye gunia mia mbili zinazongoja bei ipande, kisha akatazama pikipiki. Alishikwa na huruma, ile inayomshika mtu akikutana na mjinga mwenye mali.

"Andika," akasema haraka.

Enock akaandika kwa mwandiko wa kimwalimu: punje zihesabiwe moja moja, zisipimwe, mzee asije akaonewa. Atakayekataa kutoa hali anacho, atadaiwa siku zote kumi kwa pamoja. Atakayekwama siku moja, mkataba umekufa, na alichokwisha kutoa hakirudi. Hapo alikuwa akimfikiria Ngassa, bila shaka. Ngassa akatia dole gumba, lile lile la mzani.

Pikipiki ikaingizwa ghalani. Siku ya kwanza punje moja ilitolewa juu ya sahani, kwa heshima zote. Ya pili kumi. Ya tatu mia, hazikujaza hata kiganja. Ya nne elfu moja, ya tano elfu kumi, kikombe kimoja cha chai. Ngassa alikuwa akikisia tu na Enock hakubishana. Mtaa mzima ulisimuliwa habari za bwege wa Geita.

Aliyekuwa hacheki ni Mariana, mama aliyechambua mawe kwenye mchele pale mashineni. Alitembea saa moja na nusu kuja kazini, kwa ujira ambao Ngassa aliulipa akiukumbuka, na yote mawili yalimuudhi mno. Jioni ya siku ya tano alichora 1 kwenye vumbi la pumba, akawa anaongeza sifuri moja mkiani kwa kila siku inayofuata.

"Baba Sesilia," akamwita Ngassa kwa jina la bintiye, "umeziona sifuri za siku ya kumi?"

"Sifuri si kitu, Mariana."

"Ziko tisa. Hiyo ni bilioni moja. Na punje hamsini ni gramu moja, mchele nimeushika miaka yote. Siku ya kumi peke yake ni gunia mia mbili za kilo mia mia."

Ngassa akaketi juu ya debe. Ghala zima! "Nimekwisha," akasema, na safari hii hakuwa akitafuta kupunguziwa bei.

"Nikikutoa humo, pikipiki yangu?"

"Chukua! Chukua na kofia yake!"

"Andika."

Siku ya sita Enock alifika asubuhi na mfuko wa kilo mbili. Akakuta mchele umemwagwa juu ya turubai, na kigoda pembeni.

"Karibu," Mariana akamwambia. "Hapa mzigo unahesabiwa na anayeuchukua, mlangoni, mbele ya mwenye mali. Madereva wote wa malori wanajua. Na mkataba wako unasema moja moja."

"Laki moja?"

"Kamili. Tunafunga saa kumi na mbili."

Enock akacheka kidogo, akaona anacheka peke yake, akakaa. Saa sita mchana alikuwa elfu kumi na nne, mgongo unawaka. Saa tisa mteja akauliza bei ya kilo.

"Elfu mbili na mia nane," Mariana akajibu kwa sauti.

Kidole cha Enock kikabaki hewani. Alikuwa elfu ishirini na moja na... na ngapi? Akaanza upya, karibu kulia.

Saa kumi na mbili Mariana akakunja turubai. "Mkataba umekufa, kaka."

Ngassa aliruka kwa furaha, akishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, Mariana, wabeja sana!" mpaka alipoona pikipiki inasukumwa nje. "Mariana, hebu tuzungumze."

"Tulishazungumza jana, Baba Sesilia. Umetia na dole."

Enock alisimama barabarani na mapato yake ya siku tano, punje elfu kumi na moja mia moja na kumi na moja, kama makisio ya Ngassa yalikuwa sahihi. Hazikufika robo kilo. Kule kwenye chai, wanaume watatu wenye lafudhi ya Geita walikuwa wakiulizia pikipiki nyekundu.

"Mama, nikimbize stendi!"

"Elfu moja."

Akajipapasa mifuko yote. Mwisho akanyoosha ule mfuko wa mchele. Mariana akaupima kwa kiganja, akaona unatosha uji wa mwanawe, akauning'iniza kwenye usukani. Hakuhesabu.

"Panda. Na ushike chuma cha nyuma, usinishike mimi."