Ndege wa Saluni

Jumatatu, 4 Machi

Siku imeanza vibaya na imeisha hivyo hivyo. Shemeji, kaka wa mke wangu na mkuu wa chuo chetu cha waongoza watalii wa msituni, ametuita ofisini mimi na Mama Majani. Mama Majani anafundisha mimea. Mimi nafundisha ndege. Shemeji akasema chuo kitabaki na mwalimu mmoja. Mtahini anakuja Ijumaa kutembea msituni na vijana wa kila mmoja wetu. Watakaofaulu watapata leseni. Mwalimu ambaye vijana wake watafeli aanze kufunga virago.

Mama Majani akatabasamu. Vijana wake wanautambua mti kwa kunusa jani, macho wamefumba. Wangu niliwaonyesha ndege juu ya paa la darasa, nikauliza ni ndege gani. Wakajibu kwa pamoja: mdogo. Jibu hilo niliwafundisha mimi.

Mke wangu anashauri nitumie siku hizi kusoma kitabu cha ndege. Nimekitazama. Kinene kama tofali. Nimekirudisha chini ya mguu wa meza.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata mbinu. Nimeandika majina ya ndege kwenye vikaratasi na kuvifunga nyuma ya miti kandokando ya njia. Mwanafunzi anauegemea mti kama aliyechoka, anachungulia, anataja ndege. Vijana wamefurahi mno. Mmoja ameegemea tangu asubuhi.

Binti Swali peke yake hakufurahi. Tumempa jina hilo kwa sababu hamalizi kipindi bila kuuliza. Leo aliuliza itakuwaje ikiwa ndege aliyeandikwa hayupo kwenye mti huo. Nikamwambia ndege wana ratiba zao. Akaniambia kwa upole kwamba baba yake amempa nafasi hii moja tu. Akikosa leseni, anarudi dukani kwa baba kupima misumari hadi aolewe.

Nikamwambia aniamini. Sijui kwa nini nasemaga hivyo.

Jumatano, 6 Machi

Tumbili. Wamenyofoa vikaratasi vyote. Nimemkuta mmoja tawini anamtafuna korongo, herufi baada ya herufi, huku akinikazia macho.

Vilivyodondoka, Mama Majani na vijana wake waliviokota wakidhani ni takataka. Alipeleka mfuko mzima ofisini, akasikitika kwamba siku hizi watu hawana ustaarabu. Shemeji amekasirika. Ameagiza libandikwe tangazo la kukataza uchafu msituni. Kazi ya kuliandika nimepewa mimi, kwa kuwa nina mwandiko mzuri.

Nimelala mapema nikiwa nimeutazama ukuta.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefufuka. Kuna ndege mmoja wa msitu huu ambaye watu husafiri mbali ili wamsikie tu, maana kuonekana haonekani. Sauti yake ninayo kwenye simu. Na mke wangu ana spika ndogo saluni kwake, ya kuwapigia wateja muziki wakisukwa. Spika inaunganishwa na simu bila waya. Nitaificha kichakani, nitabonyeza simu mfukoni, ndege atalia, vijana watamtaja. Na kwa kuwa haonekani, nani atadai kumwona?

Nimeichukua spika mke wangu akiwa anamwosha mtu nywele. Sikutaka kumsumbua.

Ijumaa, 8 Machi



Mtahini ni mama mfupi wa buti na maneno machache. Tuliingia msituni. Tulipofika penye kichaka nikabonyeza. Ndege akalia, vizuri kuliko ndege mwenyewe. Mtahini akasimama kama mti. Akamnong'oneza Binti Swali, ni nani yule? Binti akamtaja bila kusita. Mtahini akatikisa kichwa kukubali. Nikaiona kazi yangu inarudi.

Hapo simu ikaita. Nikahangaika nayo mfukoni nikitaka kuikata, kumbe nimeipokea. Kichaka kikasema kwa sauti kubwa na safi: "Baba watoto, spika ya saluni umeipeleka wapi? Wateja wamekaa hapa kama wapo msibani!"

Vijana wakacheka hadi wakakaa chini. Mtahini hakucheka. Binti Swali naye hakucheka. Alivua beji yake ya chuo, akaniwekea kiganjani, akageuka kuondoka. Sijawahi kushika kitu kizito namna ile.

Mtahini akamwita. Akamuuliza kama anaweza kuendelea na njia bila mwalimu. Binti akasema anaweza. Mimi nikaamriwa nibaki na spika yangu. Nikakaa juu ya gogo, nikasikia sauti zao zikififia, wakiuliza, wakijibiwa. Huko mbele wakanyamaza wote kwa pamoja, kama watu wanaotazama kitu. Sitajua walikuwa wanatazama nini.

Jumamosi, 9 Machi

Binti Swali amepata leseni. Wenzake wote wamefeli. Shemeji ameniambia binti huyo amekuwa akienda msituni na Mama Majani kusikiliza ndege kila alfajiri tangu muhula uanze. Binti alijua kwamba ndege siwajui. Wote walijua. Kisha akanipa mkono, akasema undugu wetu uko palepale ila kazi haipo.

Nilimkuta binti getini. Nikamrudishia beji na kumwomba radhi. Akasema, "Usijali, Mwalimu. Wewe ndiye uliyenifundisha nisikutegemee."

Nimetembea hadi nyumbani kwa miguu. Mke wangu hajanisemesha. Amechukua spika, akaipangusa majani, akaenda zake.

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari kutwa nzima na nimeligundua kosa. Kosa lilikuwa ndege. Ndege wana sauti, wana rangi, wana majina, na kila mtu ana kitabu chao. Nitafungua chuo changu mwenyewe, cha waongoza watalii wa mapangoni. Pangoni ni giza. Mwanafunzi hahitaji kutambua kitu, wala mwalimu.

Nimemweleza mke wangu. Hatimaye amefungua kinywa. Ameuliza ni nani atakayeingia wa kwanza.

Nimemwambia wanafunzi.