Hapa Tunapasua Viini

Jumatatu, tarehe 3

Ijulikane kwa vizazi vitakavyookota daftari hili kwamba leo asubuhi, mbele ya wateja wanne na gunia moja la mahindi, mimi, mwenye mashine ya kusaga, nimeingia rasmi katika zama za nyuklia. Mke wangu anasema nilichoingia ni giza tu, umeme umekatika. Tofauti ni ndogo.

Ilikuwa hivi. Redio imetangaza kwamba serikali inatafakari kujenga kinu cha nyuklia, na kwamba Alhamisi mtaalamu atakuja ukumbini kuwaelimisha wananchi. Kinu! Miaka yote hii nimekuwa nikikiita changu "mashine", kama mtu asiye na shukrani. Tukiwa bado tunatafakari, mimi na serikali, umeme ukazimika. Wateja wakabeba madebe yao, wakavuka barabara kwa Dizeli.

Dizeli ni jirani na mshindani wangu. Mashine yake inakunywa dizeli na kukohoa kama mvuta tumbaku, lakini haisubiri umeme wa mtu. Amewapokea wateja wangu huku akinipungia mkono. Mkono wenyewe umejaa grisi.

Baya zaidi: mpishi wa shule ya bweni, mteja anayewazidi wengine wote ukiwajumlisha, amesema amechoka kutangatanga na magunia kama mtu aliyefukuzwa nyumba. Ijumaa ataamua, mimi au Dizeli, moja kwa moja. Shule ikiondoka nitabaki kusagia kuku.

Jumanne, tarehe 4

Nimelala na wazo, nimeamka nalo, limekunywa chai nami.

Redio ilisema kwenye kinu cha nyuklia wanapasua viini, na madini yao ya urani kwanza yanarutubishwa. Sasa mimi je? Mahindi yana kiini, nakipasua kila siku. Unga naurutubisha kwa vitamini na madini ya chuma, na cheti kimetundikwa ukutani. Nimepungukiwa urani tu.

Nimemwita shemeji yangu, mchora mabango. Tumeandika: KINU CHA KISASA. HAPA TUNAPASUA VIINI NA KURUTUBISHA. Nikamwomba aongeze picha ya atomu. Amechora kitunguu kinachozungukwa na nzi. Kwa mbali kinapendeza.

Mke wangu amesimama chini ya bango, mikono kiunoni. Akasema, "Baba Watoto, watu watakimbia." Nikamwambia ndiyo, watakimbilia hapa.

Jumatano, tarehe 5

Wamekimbia. Si huku.

Dizeli hakusema uongo hata mmoja, hilo lazima nimkubalie. Alikuwa anawauliza tu wateja, kwa sauti ya mtu anayewatakia heri, kama wamewahi kuuangalia unga wangu taa zikiwa zimezimwa. Kufikia mchana mtaa mzima ulijua kwamba unga wangu unawaka gizani. Bibi mmoja ameurudisha wa kwake ameushika kwa koleo. Nilijitetea kwamba ungekuwa unawaka ningeutumia kuendeshea mota. Haikusaidia. Walisema, ahaa, kumbe amewahi kufikiria.

Mpishi amepiga simu. Anasema wale ni watoto wa watu, hawezi kuwalisha vitu vinavyong'aa. Atakuja Ijumaa kama alivyoahidi, ila aliongea nami kama mtu anayetoa pole msibani.

Alhamisi, tarehe 6

Nimetoka ukumbini. Mtaalamu ni binti wa rika la mwanangu wa kwanza, mpole, anaeleza kitu mpaka unajiona una akili. Anasema nyuklia inaweza kutoa umeme mwingi, usiku na mchana, bila moshi. (Hapo nilimtazama Dizeli.) Lakini nchi itangulize sheria na wasimamizi wasiopindika, isomeshe watu wake, ipate maji ya kupoza mitambo, na ijue itakapotunza taka kwa muda mrefu kuliko ukoo wowote unavyojikumbuka. Kisha gridi iwe na mabega. Kinu kikubwa kwenye gridi nyembamba, alisema, ni sawa na kufunga mota ya kusagia kwenye waya wa redio. Ukumbi mzima ukanigeukia. Sijui nani aliwasimulia.

Akaulizwa ni lini basi. Tukianza leo na tusizembee, miaka kumi hadi kumi na mitano. Watu wakaguna. Nikanyanyua mkono kuuliza kama kuna vinu vidogo, tuseme vya kuenea nyuma ya duka. Akasema vidogo vinabuniwa, ila udogo wenyewe ni kama ukumbi huu pamoja na uwanja wake. Nikakaa.

Ndipo Dizeli akasimama, mnyenyekevu kama paka aliyetoka kulamba maziwa, akauliza kama sheria inamruhusu raia kupasua viini mtaani. Watu walicheka mpaka viti vikalia.

Nikasimama tena. Nikasema mtaalamu aje kesho na kipimo chake cha mionzi, akipime kinu changu mchana kweupe, mbele ya mpishi. Msafi haogopi kioo. Akakubali. Leo nalala kama mfalme.

Jumamosi, tarehe 8

Jana sikuandika.

Taarifa rasmi: kinu kimepimwa, kimeonekana safi, shule imebaki kwangu, Dizeli amenyamazishwa hadharani.

Sasa ukweli, kwa kuwa mke wangu analijua daftari hili lilipo.

Mtaalamu alikuja na kidude cha ukubwa wa redio ndogo. Mpishi alikuwepo, Dizeli alikuwepo, nusu ya mtaa ilikuwepo. Nilishatoa hotuba fupi. Akakiwasha, akakisogeza kwenye mashine. Tik. Kimya. Tik, tik.

Hakuna aliyeniambia kwamba kile kitu hulia popote. Baadaye alieleza kwamba udongo, mawe, ndizi, hata sisi wenyewe tunatoa mionzi kidogo isiyodhuru, na kwamba ukuta wa mawe wa Dizeli unalia kuliko wangu wa matofali. Lakini hayo nimesimuliwa. Mimi sikuwepo. Ile tik ya tatu ilinikuta barabarani. Wateja hawakukimbia. Mpishi hakukimbia. Aliyekimbia ni mwenye kinu. Niliruka debe, nikaacha kandambili moja mlangoni, na nilisimama nilipofika geti la shule.

Aliyenifuata ni Dizeli, ameshika kandambili yangu. Alikuwa anahema vibaya kuliko mashine yake. Akasema, "Rudi, mzee mwenzangu. Ni mawe tu."

Tuliporudi, mpishi alikuwa amekaa juu ya gunia anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya aproni. Akawaambia watu kwamba mtu mwoga kiasi hiki hawezi kuficha kitu kibaya kwenye unga. Angekuwa wa kwanza kuhama mji. Akaamuru magunia yashushwe kwangu. Yote.

Nikajikung'uta vumbi, nikawasha mota kwa heshima zote. Umeme ukakatika.

Kwa hiyo Dizeli ndiye aliyesaga. Mimi nikachekecha na kurutubisha, mpishi akasimamia, jioni tukanywa chai ya Dizeli, yenye harufu ya grisi lakini tamu. Tumekubaliana iwe hivyo kila umeme ukikatika, mpaka nyuklia itakapofika. Nimeangalia umri wetu. Tutawahi, tusipozembea.

Shemeji ameshaitwa. Bango jipya: KINU PEKEE MTAANI KILICHOPIMWA MIONZI. Kitunguu kinabaki.

Mke wangu ameuliza kama kuna chochote nilichojifunza wiki hii. Nimemjibu kipo. Herufi za bango zilikuwa ndogo.