Kidonda Kimoja, Aiskrimu Moja

Jumatatu, 9 Desemba

Nimeishiwa magonjwa. Kichwa nimeshaumwa, tumbo nimeshaumwa, kikohozi nimekohoa mpaka kimenichoka chenyewe. Mwezi mzima nanunua vidonge kwa yule dada wa duka la dawa la ufukweni. Ananihesabia, ananiambia ugua pole, anamwita mteja mwingine. Nampenda. Nataka kumuoa. Lakini mtu hachumbii kwa kuhara.

Leo mambo yamegeuka. Dada yangu kasafiri kikazi mpaka Jumamosi, kaniachia wanawe watatu: Bingwa, Kasuku na kitinda mimba, Donge. Niliwapeleka baharini ili niwe karibu na duka. Donge akakanyaga gome la chaza. Damu kidogo, kelele nyingi. Nikambeba mbio hadi dukani. Yule dada akamwosha mguu kwa maji na sabuni, akabandika plasta, halafu akaniangalia mimi. Akasema wajomba wenye huruma kama mimi wamekuwa adimu. Akatabasamu!

Jumanne, 10 Desemba

Hakuna aliyeumia. Kutwa nzima wamecheza pekupeku kwenye mawe yenye utelezi, wanapita kama paka. Watoto wa wenzangu wanalia kila kona, wangu wazima kama kigongo. Nimetoka kapa.

Jioni nimewatangazia: kidonda kimoja, aiskrimu moja. Ila kiwe kidogo, mama yao asije akanimeza mzimamzima. Akili ni nywele, na mimi sina upara.

Jumatano, 11 Desemba

Foleni asubuhi na mapema. Bingwa kabandua kigaga cha mwezi uliopita. Kasuku kaleta alama ya mbu wa nyumbani. Donge kaniletea mtoto wa watu aliyejikata kidole, akadai aiskrimu mbili, yake na ya mgonjwa. Wote nikawapeleka dukani. Mara ya nne yule dada akaniuliza hawa watoto nawachunga au nawatwanga.

Mchana Kasuku akaguswa na yavuyavu, lile dude la baharini linaloteleza kama uji uliopoa. Kilio cha kweli hicho. Na yule dada alikuwa nje, anapumzika, anatazama! Nikakunja mikono ya shati, nikausugua mkono wa mtoto kwa mchanga. Akapandisha sauti. Nikammwagia maji ya chupa. Akapandisha tena.

Akatokea mlinzi wa waogeleaji, ninayemwita Kifua kwa kuwa hana kingine cha kuonyesha. Akaniambia niache, kusugua kunachochea sumu. Akamimina siki, akanyofoa vinyuzi vya yavuyavu kimojakimoja kwa kibanio, kisha akauloweka mkono kwenye maji ya moto ya kuvumilika. Kasuku akanyamaza. Yule dada akampelekea Kifua maji baridi kwa mkono wake mwenyewe. Nimeumia moyo kuliko mtoto alivyoumia mkono.

Alhamisi, 12 Desemba

Nilipata wazo usingizini: jeraha kubwa ambalo si jeraha. Nikampaka Bingwa sosi ya nyanya gotini, nikamfunga kitambaa, nikamwagiza alie. Nikambeba mgongoni, nawapigia watu kelele watupishe.

Ubaya wa sosi ni sukari yake. Nyigu wawili walitukuta njiani, na tulipofika mlangoni mwa duka walishakuwa ukoo. Bingwa, mgonjwa wangu wa mguu, aliruka chini akatimka kuliko siku zote za maisha yake. Nikabaki na kitambaa mkononi. Wameniuma mdomo wa juu. Wameniuma kope. Wameniuma ninapokalia.

Yule dada alimkuta Bingwa nyuma ya duka anaramba goti. Akanikalisha, nikakalia upande, akanikanda uso kwa barafu. Nikaona ndiyo nafasi yenyewe, nikamweleza yote yaliyo moyoni mwangu tangu mwanzo. Mdomo ulikuwa umevimba mno. Alidhani naomba maji, akaniletea.

Jumamosi, 14 Desemba

Dada yangu karudi. Kasuku kamsimulia yote kabla hajavua viatu, pamoja na bei ya aiskrimu. Nimepigwa marufuku kuvuka nao hata barabara. Akaniambia sikio la kufa halisikii dawa. Nikamjibu kilichovimba ni mdomo, sikio ni zima. Hakucheka.

Alasiri wakaja kunijulia hali yule dada na Kifua, na machungwa. Wamekubaliana kuoana! Wanasema walikuwa wanapitana tu kila siku, hakuna anayethubutu kuanza, mpaka lile yavuyavu. Wakanishukuru kwa dhati. Walipoondoka nililia, tena kwa jicho moja, la pili halikufunguka.

Jioni kope ikazidi, nikaenda zahanati. Nesi akaniinua kidevu taratibu, akasema, pole kaka, utapona. Mikono laini kama pamba. Nikamuuliza kama yupo kila siku. Akasema kesho anahamia chumba cha watoto.

Wakati wa kurudi nimepitia kwa jirani, mwenye mapacha. Nimemuuliza kama wanapenda bahari. Anasema wanaogopa maji. Nimemwambia hakuna shida, ninaweza kuwafundisha baiskeli.